Maswali na Majibu: Kufuta Msimbo Mkongwe wa Kompaila

*Shikamoo mwalimu. Tunaandika kompaila ndogo hapa chuoni, yaani programu ya kutafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine. Ina sehemu haijaguswa miaka mingi. Mwenzangu anasema tuiache, haili wala hainywi. Ni kweli? (Makorora, Tanga)*

Marahaba mwanangu. Inakula, tena sana. Kila mkibadili muundo wa ndani, sehemu hiyo nayo lazima irekebishwe, na aliyeiandika hayupo. GCC, kompaila huria inayotumika sana, ilibeba kwa miaka mingi mbinu ya kizamani iitwayo cc0, ya kufuatilia matokeo ya ulinganisho ndani ya prosesa, kwa sababu tu prosesa chache zilikuwa bado zinaitegemea. Mwishowe watunzaji wakatamka: hamieni njia mpya, la sivyo mtaondolewa. Wapenzi wa m68k, prosesa ya Motorola iliyokuwa ndani ya Amiga na Macintosh za kwanza, wakachanga fedha, kazi ikafanyika, na prosesa yao ikabaki. Toleo la 12, mwaka 2022, likatoka bila cc0. Nawapenda watu wale. Hawakulalamika tu, walifanya kazi.

*Majaribio yote yanapita hata nikiifuta. Si inatosha? (Chumbageni)*

Haitoshi. Huenda hakuna jaribio hata moja linaloigusa. Waulize watu, uwape na muda. GCC kwanza hutangaza kuwa prosesa fulani imepitwa na wakati, na anayeitaka hulazimika kuongeza `--enable-obsolete` anapoijenga GCC. Asipopatikana mtunzaji, toleo linalofuata huiondoa. Toleo la 14, mwaka 2024, lilizitangaza hivyo prosesa za Itanium na Nios II. Itanium ikapata mtu wa kuitunza, ikasalimika. Nios II ikaondolewa katika toleo la 15.

*Niigeuze maelezo ndani ya msimbo, yaani mistari ambayo kompaila huiruka, badala ya kuifuta, kaka? (Pongwe)*

Futa. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, inaihifadhi, na `git log -S` pamoja na jina la kazi (function) itakuonyesha ilipoingia na ilipotoka. Ila ufutaji ukae kwenye komiti yake peke yake, yaani badiliko moja lililorekodiwa katika Git, usiuchanganye na marekebisho mengine.

*Na chaguo za mstari wa amri zilizokuwa za sehemu hiyo? (Ngamiani)*

Hapo nendeni polepole. Kwa matoleo kadhaa kompaila iendelee kulipokea chaguo hilo, itoe onyo tu. Mimi niliwahi kulifuta moja ghafla, na kijana mmoja aliyekuwa akijenga programu ya mizani ya mkonge akakesha akitafuta kosa kwenye msimbo wake. Kosa lilikuwa langu. Nililirudisha asubuhi yake, likiwa na onyo la mstari mmoja.