Kabla hujaishika bisibisi: mashine za kwanza za gemu za sarafu

Wanaoanza kazi ya kukarabati mashine hizi karibu wote huuliza jambo moja: programu imo kwenye chipu ipi? Ukiwa umefungua Pong, mchezo wa tenisi ya mezani wa kampuni ya Atari wa mwaka 1972, jibu ni kwamba haimo. Hamna prosesa wala programu. Mpira, vibao na alama vyote vinatokana na saketi tupu, chipu ndogondogo za familia ya 7400, hii inahesabu mistari ya skrini, ile inalinganisha. Al Alcorn, mhandisi wa Atari, aliubuni mchezo kwa kuunganisha nyaya. Basi mpira ukigoma kudunda, tandaza mchoro wa saketi mezani ufuate ishara chipu kwa chipu. Inachosha, lakini hakuna darasa zuri kuliko hilo.

Anza na umeme, tafadhali. Chipu hizo zinataka volti 5, na ikishuka chini ya 4.75 zinaanza vituko. Pimia kwenye bodi yenyewe, maana viunganishi vyenye kutu hula volti njiani. Mimi niliwahi kung'oa chipu sita zisizo na kosa lolote kwa sababu nilipimia kwenye pawasaplai, nikaridhika.

Skrini ni ya chogo. Hata ukichomoa plagi, chaji ya maelfu ya volti inaweza kubaki mle ndani. Usiiguse skrini mpaka uonyeshwe na fundi namna ya kuitoa chaji hiyo.

Space Invaders, mchezo wa kupiga risasi kikosi cha maadui wa kampuni ya Taito, 1978, ina prosesa: Intel 8080 ya megahezi 2. Hapa wageni wa kazi hunipigia kelele kwamba "imeharibika, maadui wanazidi kukimbia!" Sivyo. Mashine inamsogeza adui mmoja kwa kila picha, na picha ni kama 60 kwa sekunde. Wakiwa 55, kikosi kizima huchukua karibu sekunde nzima kupiga hatua. Akibaki mmoja, anasogea kila picha. Wala usihangaike kutafuta saketi ya rangi kwenye toleo la skrini nyeusi na nyeupe: rangi zile ni vipande vya plastiki vilivyowekwa mbele ya picha.

Halafu kuna hili. Pong ya majaribio iliwekwa kwenye baa ya Andy Capp's, Sunnyvale, California. Ikazima, Alcorn akaitwa. Kumbe chombo cha sarafu kilikuwa kimejaa hadi kufurika. Kwa hiyo ukiitwa, fungua kwanza kile kimlango cha pesa.