Rangi ya Kendi Ilivyoligeuza Gari Langu Punda Milia

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, rangi ya kendi nyekundu nimeshanunua, kompresa ninayo, bunduki ya kupulizia rangi ninayo. Nipige mikono mingapi?" Mkono, kwetu sisi wapiga rangi, ni tabaka moja la rangi. Hakuniuliza rangi ya chini iwe ipi. Hakuniuliza habari ya kujaribu kwanza. Nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikaniishia mdomoni, kwa sababu swali hilo niliwahi kuuliza mimi miaka sita iliyopita, neno kwa neno. Niliyemuuliza alinijibu, "Mitatu, minne hivi, utaona mwenyewe." Nikaona kweli.

Wewe unayesoma hapa sina haja ya kukushawishi. Umeshaliona gari la kendi likipita jua la alasiri, mwili wake ukionekana kama una maji ndani, na tangu siku hiyo rangi nyingine zote unaziona kama za kupaka geti. Ugonjwa wetu ni mmoja. Basi nikueleze nilivyoumwa mimi.

Kwanza tuelewane kendi ni nini, maana hapa ndipo wengi tunapoanza kukosea. Rangi ya kawaida inaficha. Ukipiga nyeupe juu ya bluu, mkono wa tatu bluu imeshazikwa, na hata ukiongeza wa nne na wa tano, nyeupe inabaki nyeupe. Kendi haifichi kitu. Ni kama kioo chenye rangi: mwanga unapita ndani yake, unagonga chembe zenye rangi ya fedha au dhahabu zilizo kwenye rangi ya chini, halafu unarudi nje ukipita kwenye kendi mara ya pili. Kile kina unachokiona kinatoka huko. Na kwa kuwa ni kioo, kila mkono unaoongeza unaifanya iwe nzito zaidi. Haifiki mahali ikasema imetosha. Mkono wa tatu ni rangi moja, wa tano ni nyingine, wa nane utadhani umebadilisha kopo.

Jina lenyewe limetokana na yale matofaa yanayochovywa kwenye sukari nyekundu iliyoyeyushwa, ile sukari ikiganda unaona tunda kwa ndani. Anayetajwa kuianzisha nyekundu hiyo kwenye magari ni Joe Bailon, fundi wa California, miaka ya 1950, na husimuliwa kwamba alikuwa akiitafuta rangi ya taa za nyuma za gari zinavyomeremeta usiku kwenye lami iliyolowa mvua. Aliitafuta kwa miaka. Mimi nilijipa Jumamosi na Jumapili.

Nilikuwa na kiburi, nakiri. Nilikuwa nimeshapiga rangi magari kwa miaka tisa, na kwenye rangi za kawaida hakuna aliyekuwa ananifundisha kitu. Gari lilikuwa langu mwenyewe, la milango minne, bodi nimeinyoosha hadi ukipitisha kiganja husikii wimbi. Nikaona nitoe milango niipige pembeni, juu ya stendi, ili nifike vizuri kwenye kingo na ndani ya fremu. Ndivyo nilivyozoea, na kwa rangi ya kawaida si vibaya.

Jumamosi nikapiga bodi mikono mitano. Jumapili nikachanganya rangi nyingine kwa ajili ya milango, kwa kukadiria tu, nikaanza. Baada ya mkono wa tatu simu ikaita. Niliporudi sikukumbuka kama nilikuwa nimemaliza wa tatu au wa nne. Nikasema moyoni, si kitu, naongeza miwili. Ndani ya banda, chini ya taa, kila kitu kilikuwa kinang'aa kiasi kwamba niliwaita watu waje kuona.

Jumatatu nikafunga milango, nikalisukuma gari nje.

Jua halina aibu. Fenda zilikuwa nyekundu ya nyanya, milango ilikuwa nyekundu ya damu iliyokauka. Na kwenye boneti kulikuwa na mistari, mmoja mweusi mmoja mwepesi, kutoka kioo hadi taa, kila mahali ambapo bunduki yangu ilikuwa imepita mara mbili. Fundi mwenzangu alilizunguka gari mara mbili, mikono mgongoni, kimya. Kisha akaniuliza, "Huyu punda milia umemtoa mbuga gani?" Watu wakavunjika mbavu. Na mimi nikacheka nao, ningefanyaje? Lakini nikwambie ukweli, miaka sita imepita na ile sentensi bado naisikia nikiwa naosha bunduki.

Kisha nikafanya kosa la pili, baya kuliko la kwanza. Nikachukua msasa wa maji nikaanza kusugua ile mistari mieusi, nikidhani nitaipunguza. Kendi haisuguliwi! Ukiigusa na msasa umetoa rangi pale pale, na pale pale panabaki doa jepesi. Nilianza na mistari, nikamaliza na mistari na madoa. Ikabidi kulisugua gari zima upya. Siku zile za vumbi sitakusimulia, hazina la kusimulia.

Niliporudi kwenye kendi mara ya pili nilianza na bati. Nasema tena: bati, kabla ya gari. Chukua vipande vya bati, vipige praima ile ile (rangi ya kwanza kabisa, ya kushikia zinazofuata), rangi ya chini ile ile, kisha kendi kwa bunduki ile ile utakayotumia kwenye gari. Baada ya kila mkono funika utepe mmoja kwa tepu na karatasi, uendelee, hadi mkono wa nane. Ukifunua unapata ngazi ya rangi, kutoka nyepesi hadi nzito. Zipige klia, ile vanishi angavu ya juu kabisa, kwa sababu bila klia utadanganyika, kisha zitoe nje. Zitazame juani, zitazame kivulini, zitazame usiku chini ya taa. Mimi nilikaa na bati zangu wiki nzima, mpaka mke wangu akauliza kama ninazifuga.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba kuchagua kendi ni kuchagua rangi ya chini. Nyekundu ile ile juu ya fedha inatoka safi na kali. Juu ya dhahabu inapata joto, inaelekea machungwa. Juu ya nyeusi yenye chembe inakuwa nzito, kivulini utadhani gari jeusi, jua likipiga ndipo inajifichua. Bluu juu ya dhahabu usishangae ikikugeukia kijani, ndivyo rangi zinavyochanganyika. Chembe nazo zina saizi. Kubwa zinameta sana lakini zinataka mkono mtulivu, zikikaa mafungumafungu kendi itakuonyesha kila fungu. Kosa lolote la chini, kendi inalitangaza. Mimi nilichagua fedha ya chembe ndogo, mikono sita. Nikaandika "sita" ukutani kwa mkaa.

Kupiga kwenyewe, ukishajua hayo, ni adabu tu. Changanya rangi yote ya gari zima kwa mara moja, na ziada juu yake, kwa sababu ukiishiwa katikati ukachanganya nyingine, hiyo ni rangi nyingine. Bunduki moja, sindano moja (mimi hutumia ya milimita 1.3), presha moja mwanzo hadi mwisho, umbali wa sentimita 15 hadi 20, na mkono usipinde mwishoni mwa paneli. Kwenye rangi ya kawaida tunapishanisha mpito juu ya mpito kwa nusu. Kwenye kendi pishanisha kwa robo tatu, ndiyo dawa ya mistari. Na usipige paneli moja moja. Tembea. Anzia bampa ya mbele, nenda na ubavu wote hadi taa ya nyuma bila kusimama, rudi, nenda tena. Fanya mazoezi ya kutembea huko na bunduki tupu, mpira wa upepo ukiwa begani, wakucheke wanaotaka kucheka. Kingo usizirudie kwa huruma, zenyewe hupata rangi ya ziada, ukizirudia zinakuwa nyeusi. Kati ya mkono na mkono subiri muda ulioandikwa kwenye kopo.

Ndani ya fremu za milango piga kwanza, peke yake. Kisha funga milango kwenye gari, na kila kitu kipigwe kikiwa mahali pake, siku moja, mchanganyiko mmoja, mtu mmoja. Kila mkono ukiisha, chora alama ukutani. Simu izime. Nasema izime, siyo uiweke kimya.

Na hapa niruhusu nipandishe sauti kidogo, hasa kwa vijana. Klia ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha), na kendi nyingi zinazochanganywa ndani ya klia hiyo, zina isosayaneti. Hiyo ni sumu ya mapafu. Inaweza kukupa pumu ambayo haitakuacha maisha yako yote, na huisikii kwa harufu kabla haijakuumiza. Kitambaa puani ni mchezo wa watoto. Barakoa ya vumbi nayo haisaidii kitu. Inayotakiwa ni ile ya kuletewa hewa safi kwa mpira, na nguo inayofunika ngozi. Naona mnapiga picha mkiwa kifua wazi na bunduki mkononi, mnasubiri sifa. Fedha ya chembe mnayo, ya kupumua mmekosa? Mtu asiye na pesa ya barakoa hana pesa ya kendi, aweke akiba kwanza. Haraka yenu hiyo hiyo ndiyo inayowafanya mruke bati, mruke kuhesabu, halafu mje kuniandikia usiku.

Turudi. Kendi ikishakaa, klia, mitatu au minne, mizuri yenye kulowa. Hii ndiyo unayoruhusiwa kusugua: ikikauka vizuri, msasa wa maji namba 1500, kisha 2000 ulio laini zaidi, kisha polishi. Ukiona maji ya msasa yanageuka rangi, umeshapita klia, na pole yako. Tafuta klia yenye kinga ya jua, kwa kuwa kendi hupauka upesi kuliko rangi za kawaida, na nyekundu ndizo dhaifu. Na ujue mapema kwamba mkwaruzo mmoja mlangoni unaweza kukulazimu upige ubavu mzima, maana kuotea kiraka cha kendi ni kama kuotea mkono ule ule, upepo ule ule, siku ile ile. Mimi nimekubali. Siegeshi karibu na mtu.

Mwezi uliopita nilimaliza gari la nne la kendi, nyekundu juu ya fedha, alama sita ukutani. Nililitoa nje saa sita mchana kwa makusudi, jua likiwa kichwani. Boneti, milango, buti, kitu kimoja. Yule fundi wa punda milia alikuja. Akalizunguka mara mbili, mikono mgongoni kama desturi yake. Kisha akatoa simu akapiga picha, akaenda zake. Hakusema kitu, na mimi sikumuuliza.

Yote haya nilimwandikia yule msomaji, marefu kuliko hapa. Juzi amenijibu. Anashukuru sana, ameelewa, ataanza na bati kama nilivyosema. Ila milango, anasema, ilikuwa imeshapigwa kabla ujumbe wangu haujafika. Iko juu ya stendi, imependeza ajabu. Mikono hakumbuki, minne au mitano.

Nimemwomba aitoe juani anipigie picha.