Kinyonga akifumba macho mchana, usingoje Jumatatu

Ndugu mwanajukwaa, umeeleza kwamba kinyonga wako wa pembe tatu amefumba macho tangu asubuhi na kila mara anaachama, ukauliza kama unaweza kumnywesha maji kwa bomba la sindano na kungoja hadi Jumatatu. Nakuomba usimnyweshe na usingoje. Kosa hilo la maji nililifanya mwenyewe, na nusura nimpoteze wangu.

Ilikuwa mwezi wa Julai, wakati wa ile baridi ya Nairobi ambapo jua hufichika siku nyingi mfululizo. Ninaishi upande wa Dagoretti, na dume langu, ninayemfuga kwa kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, alikaa katika kizimba cha wavu kando ya dirisha la jikoni. Kwa siku tatu alikula panzi mmoja mmoja tu, nikadhani ni baridi. Siku ya nne, saa sita mchana, nilimkuta kwenye tawi la chini kabisa, macho yote mawili yamefumbwa, kichwa amekiinua kuelekea juu. Nilipomkaribia nilisikia mlio mdogo kama wa kiputo kinachopasuka kila alipovuta pumzi, na pembeni mwa mdomo wake palikuwa na uzi wa ute mzito.

Kwa hofu nilimfungua mdomo nikamdondoshea maji. Alipaliwa papo hapo, na rangi yake ikageuka kuwa nyeusi mkononi mwangu. Daktari alinieleza baadaye kwamba tundu la pumzi la kinyonga liko kwenye sakafu ya kinywa, karibu na shina la ulimi, hivyo maji unayomsukumia huweza kwenda moja kwa moja mapafuni, hasa akiwa mnyonge. Kinyonga hunywa kwa kulamba matone yaliyo juu ya majani. Ikiwa wako bado ana nguvu za kushika tawi, nyunyizia majani taratibu kwa dakika kadhaa na umwache anywe mwenyewe. Asipokunywa, maji atapewa na daktari.

Angalia pia mahali alipo kabla ya kuhukumu. Kinyonga anayeachama juani huenda amezidiwa na joto tu, nawe ukimhamishia kivulini atafunga mdomo baada ya muda mfupi. Anayeachama kwenye ubaridi, macho yamefumbwa na ute unamtoka, huyo ni mgonjwa wa njia ya hewa, na kwa desturi wanyama hawa huficha ugonjwa mpaka wamechoka kabisa. Macho yaliyozama, na ile sehemu ya kinyesi ambayo huwa nyeupe ikageuka kuwa ya rangi ya machungwa, huonyesha kwamba amepungukiwa na maji mwilini. Piga picha ya kinyesi hicho.

Usimsogeze karibu na jiko la makaa, kwani moshi na hewa yake vitamwumiza zaidi, wala usimwekee taa ya joto karibu na mgongo. Mnyonge hawezi kujiondoa hapo na ataungua. Chumba chenye joto la wastani kisicho na upepo kinatosha kwa usiku mmoja.

Jirani yangu, kwa nia njema kabisa, alinishauri ninunue dawa ya ndama kwenye duka la agrovet. Nilikuwa nimempima kinyonga kwa mizani ya jikoni na kupata gramu 74. Dawa ile imepimiwa mnyama wa makumi ya kilo, na tone moja tu la ziada lingeweza kumuua. Uzito huo ndio kitu cha kwanza daktari alichouliza kwenye simu, kwa hiyo mpime wako kabla hujapiga.

Kumpata daktari huyo kulinichukua saa mbili, kwa sababu kliniki mbili za kwanza zilisema hazijawahi kumtibu mnyama wa aina hiyo. Ningeanza kuulizia Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kule Upper Kabete. Mweke katika kasha lenye matundu, ufunge kijiti cha kushikilia ndani, ulifunike kwa kitambaa ili kuwe na giza, kisha utafute gari la kukodi. Mwendesha bodaboda niliyemwita alikataa kunibeba alipojua kilichomo, maana watu wengi hapa humwogopa kinyonga, nami simlaumu.

Daktari alichukua ute kwa uchunguzi, akaanza sindano za kiuavijasumu, kisha akauliza kuhusu dirisha langu. Kioo huzuia miale ya jua iitwayo UVB, ambayo kinyonga huihitaji ili mwili wake utumie kalsiamu, hivyo nilikuwa nimemnyima jua nikidhani nampa. Siku ya tano ya matibabu jicho lake moja lilifunguka, likazunguka polepole kumfuata nzi kwenye wavu, nami nikakaa pale nikimtazama hadi chai yangu ikapoa.

Ikiwa ulimwokota kwenye ua na huna kibali, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inakuhitaji uwe nacho. Hata hivyo, hofu ya kibali isikucheleweshe kumfikisha kwa daktari leo. Tuandikie gramu zake na joto la chumba mara utakapopima.