Mkojo unaotoka bila ruhusa: majibu kwa wasomaji wa Unguja na Pemba

Barua za safari hii zote zinahusu jambo moja, na karibu kila moja imeanza na "naona haya kuuliza". Ulizeni tu. Mkojo kuvuja ni dalili, na chanzo chake hutofautiana mtu na mtu. Dawa ya shoga yako huenda isikufae wewe.

Nalima mwani Jambiani, nina miaka 44 na watoto watano. Nikipiga chafya au nikijitwisha gunia la mwani mbichi, mkojo unanitoka. Wenzangu wananambia ni utu uzima.

Dada yangu, miaka 44 si utu uzima wa kukojoa njiani. Chini ya nyonga kuna misuli inayobeba kibofu, kizazi na utumbo. Mimba na uzazi huilegeza, na mizigo mizito, kikohozi cha muda mrefu, unene na choo kigumu huzidi kuikandamiza. Gunia likipanda kichwani, tumbo linasukuma chini na njia haifungi.

Misuli hiyo hujengeka kwa mazoezi. Kaza kama mtu anayezuia upepo usimtoke mbele ya wakwe. Usibane makalio wala mapaja, na usizuie pumzi. Shikilia kadiri unavyoweza, ukilenga sekunde 10, kisha achia upumzike. Rudia mara 10, na ufanye hivyo mara 3 kwa siku kwa muda wa miezi 3. Wengi huacha wiki ya pili wakisema hawaoni kitu, na hapo ndipo wanapojidhulumu. Ukihisi chafya inakuja, au kabla ya kuinua, kaza kwanza. Usiyafanye katikati ya kukojoa, maana kibofu kitazoea kutomaliza. Na gunia, ligawe mara mbili.

Mama mkwe wangu ana miaka 71. Akishikwa na haja hafiki chooni, kwa hivyo tumemkataza maji baada ya alasiri. Tumefanya vyema?

Hapana. Mkojo ukiwa mzito hukiwasha kibofu, na mwili ukikosa maji choo huwa kigumu, nacho hukandamiza kibofu. Anywe kama kawaida mchana, apunguze zinapobaki saa mbili kabla ya kulala. Cha kupunguza khasa ni kahawa na chai. Kwanza apimwe mkojo na sukari, kwani maambukizi na kisukari huleta hali hii. Kama anatumia dawa ya presha inayokojosha, asiiache. Amuulize daktari saa nzuri ya kuinywa.

Kisha afunze kibofu: haja ikimjia, akaze, atulie, achelewe dakika 5. Akizoea, 10. Usiku muwashieni taa ya njia ya chooni au mumuwekee chombo chumbani.

Nina miaka 66, niko Wete. Mkojo unatoka kidogo kidogo, nikimaliza nahisi umebaki, na usiku naamka mara nne. Wanangu wanalaumu kahawa ya barazani.

Mzee wangu, kahawa ina sehemu yake, lakini mimi naishuku tezi dume. Imekaa chini ya kibofu ikiuzunguka mrija wa mkojo. Ikikua inaubana, kibofu hakimalizi, kinajaa mpaka kinafurika. Mara nyingi si saratani, lakini lazima upimwe. Jihadhari pia na dawa za mafua za kujinunulia, baadhi yake huufunga mkojo. Ukigoma kabisa na tumbo la chini likajaa, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane, uwekewe mpira wa kutoa mkojo.

Nikishatawadha matone hunitoka. Nimeacha kwenda msikitini.

Fatwa muulize sheikh wako. Mimi nitakupa ya kitabibu. Ukimaliza haja, bonyeza taratibu kwa vidole nyuma ya korodani ukisukuma kuelekea mbele, ili mkojo uliobaki mrijani utoke. Usiharakishe. Kama matone hukoma baada ya dakika chache, subiri yakome ndipo utawadhe.

Anayevuja muda wote naye ana njia. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, hujisafisha wakati wa swala ukishaingia, akajifunga kitambaa au pedi, akatawadha na kuswali bila kuchelewa, kila faradhi kwa udhu wake. Pedi ibadilishwe mapema, ngozi ioshwe, ikaushwe, ipakwe mafuta ya mgando. Kukaa nyumbani hakukulazimu, ndugu yangu.

Mdogo wangu, Mkoani, amejifungua wiki tatu zilizopita baada ya uchungu wa siku mbili. Tangu hapo mkojo unamtoka usiku na mchana. Mumewe anataka kumrudisha kwao.

Hili si la mazoezi, na lisisubiri arubaini. Huenda ni fistula: kichwa cha mtoto kikikaa njiani muda mrefu, nyama hukosa damu, hufa, na tundu hubaki baina ya kibofu na uke. Tundu dogo likigunduliwa mapema huweza kuziba kwa kuwekewa mpira wa mkojo tu. Kubwa hushonwa kwa upasuaji. Mpelekeni leo Hospitali ya Abdulla Mzee, hapo hapo Mkoani. Ikibidi kuvuka bahari, hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, hutibu fistula bila kumtoza mgonjwa. Na huyo mume aende naye, amsikie daktari kwa masikio yake kwamba ni jeraha la uzazi na linatibika.