Bastola ya Luger P08: soma chapa zake kabla ya kutaja bei

Swali la kwanza la watu wengi kuhusu Luger, bastola ya zamani ya Kijerumani, ni "inauzwa ngapi?" Halina jibu mpaka chapa zilizogongwa kwenye chuma zisomwe. Luger mbili zilizotoka kiwanda kimoja, mwaka mmoja, zinazofanana kabisa ukiziangalia kwa mbali, zinaweza kupishana bei mara mbili au zaidi. Mkusanyaji analipia ule uwiano: namba, mwaka, mihuri ya wakaguzi na rangi ya chuma vikubaliane vyote. Kimoja kikipingana na vingine, jua kuna mkono uliopita hapo baada ya kiwanda.

Hakikisha kwanza haina risasi. Toa magazini, vuta kiwiko cha juu (kile kiungo kinachokunjika juu ya bastola) hadi mwisho, angalia ndani ya chemba kwa macho na uingize kidole kidogo. Kwenye kivuta ganda kuna neno GELADEN. Likionekana limeinuka, kuna risasi au ganda ndani. Usiifungue vipande kabla ya ukaguzi huo, maana Luger ina kasoro ya kimaumbile: sehemu ya juu yenye mtutu, hata ikiwa imetengwa na fremu, inaweza kufyatuka ukibonyeza kijiti kilicho ubavuni kushoto, ikiwa kuna risasi kwenye chemba.

Vifaa ni vichache: tochi ndogo, lenzi ya kukuza mara 10, kitambaa cha pamba na mafuta mepesi ya bunduki. Msasa, brashi ya waya na dawa ya kung'arishia viache kabisa. Kutu ya juujuu hulainishwa kwa mafuta ikaachwa siku moja, kisha ikafutwa. Aliyeing'arisha Luger ya 1917 ili ipendeze mnadani amefuta pesa yake mwenyewe.

Sasa tazama juu ya kiwiko, kwenye kiungo cha mbele. Herufi DWM zilizosukwa pamoja ni kiwanda cha Berlin, kilichotengeneza nyingi. Taji juu ya neno ERFURT ni kiwanda cha serikali ya Prussia. SIMSON & CO. SUHL ni ya miaka ya baada ya vita vya kwanza vya dunia, pale mkataba wa Versailles ulipobana utengenezaji wa silaha Ujerumani. Ni adimu kuliko hizo mbili. Mauser ya Oberndorf ilichukua kazi ya DWM mwaka 1930, na kwa jeshi ikaficha jina lake kwa alama za siri: kwanza S/42, halafu 42, mwisho byf. Krieghoff ya Suhl ilitengeneza chache kwa jeshi la anga, na ndiyo maana jina hilo hughushiwa sana.

Mwaka uko juu ya chemba. Za jeshi la Kaisari (mfalme wa Ujerumani hadi 1918) zina tarakimu nne, mfano 1913 au 1917. Ukikuta 1920 imegongwa juu ya mwaka mwingine, usidhani ni ghushi. Hiyo ni alama ya mali ya serikali iliyowekwa baada ya vita, na bastola hizo huitwa za tarehe mbili. Kwenye S/42, herufi K ni 1934 na G ni 1935, kwa kuwa Ujerumani ilikuwa bado inaficha kwamba inajiunda upya kijeshi. K hutafutwa sana, G hupatikana kwa urahisi zaidi. Tangu 1936 mwaka ukaandikwa wazi, na kwenye byf utaona 41 au 42 tu.

Namba ndizo zenye kazi kubwa, na hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea. Kiwanda kilihesabu 1 hadi 10000, kisha kikaanza tena kwa herufi a, halafu b, c na kuendelea. Mwaka mpya ukiingia, hesabu ikaanza upya. Kwa hiyo namba bila herufi, bila mwaka na bila kiwanda haitambulishi kitu. DWM 1917 yenye 4521c ni takriban ya 34,521 kwa mwaka huo. Herufi itafute mbele ya fremu, chini ya namba. Namba kamili iko pia ubavuni kushoto mwa sehemu ya juu na chini ya mtutu. Hapo kwenye mtutu utakuta pia kipimo kama 8,82 au 8,83: hicho ni kipenyo cha ndani kwa milimita, wala si namba ya bastola, ingawa wauzaji wengine huinakili kama ndiyo yenyewe.

Sehemu ndogo hubeba tarakimu mbili za mwisho. Kwa 4521c tafuta 21 kwenye triga, bamba la ubavuni, wenzo wa kufungulia, wenzo wa usalama, kivuta ganda, viungo vya kiwiko, pini ya kupigia, na ndani ya vibao vya mshikio. Vibao hivyo vitoe polepole. Cha kushoto hupasuka kona ya juu, karibu na wenzo wa usalama, mtu akikivuta bila kukinyanyua kwanza. Kona iliyovunjika ni kasoro ya kawaida na inapunguza bei.

Kipande kimoja kisicholingana hakiui bastola, lakini kinaitoa kwenye daraja la juu. Vikiwa vingi, inakuwa bastola ya kupigia shabaha tu, na bei yake huangukia nusu au chini ya nusu. Magazini yenye namba ile ile huongeza sana, kwa sababu magazini ndizo zilizopotea kwanza. Ya akiba kwa bastola za zamani ilikuwa na alama ya kujumlisha, na seti ya zote mbili si jambo la kila siku.

Kwa kuwa faida iko kwenye namba, namba hughushiwa. Mghushi husaga tarakimu za zamani na kugonga mpya. Elekeza tochi kwa mshazari: eneo lililosagwa huonyesha bonde dogo, na kingo za chuma jirani zimeviringika. Linganisha umbo la 1, 4 na 7 na zile za fremu. Kwa Erfurt una msaada zaidi, kwani wakaguzi wake waligonga herufi ndogo yenye taji karibu kila kipande. Triga ya Erfurt isiyo na kitaji chochote imetoka kwingine.

Rangi nayo hutoa ushahidi. Hadi takriban 1937 chuma kilitiwa weusi wa bluu kwa njia ya kutu ya taratibu, na triga, wenzo wa usalama, wenzo wa kufungulia na kishikio cha magazini vikaachwa na rangi ya manjano ya majani makavu itokanayo na joto. Baadaye Mauser ikahamia kwenye kuchovya chuma katika chumvi moto, na vipande hivyo vikawa vyeusi kama vingine. Kwa hiyo DWM 1916 yenye triga nyeusi imepakwa upya, na byf 42 yenye triga ya manjano imerembwa na mtu. Luger iliyopakwa upya, hata kwa ustadi, hupoteza kama nusu ya thamani yake ya ukusanyaji.

Mihuri ya wakaguzi isomwe pamoja na mwaka. Taji juu ya herufi ni enzi ya Kaisari. Tai na namba, kama 63 au 655, ni ya Mauser ya miaka ya 1930 na 1940. Taji juu ya N ni jaribio la kiraia, na tai juu ya N ni jaribio lililokuja baada yake, takriban 1940. Herufi X ubavuni, pamoja na namba zilizochorwa kwa kalamu ya umeme, ni ya bastola zilizotekwa na Wasovieti na kukarabatiwa: ni historia halali, bei ya chini.

Mtutu pia upimwe. Wa kawaida ni milimita 100, wa jeshi la majini 150, wa mizinga 200. Ule wa mizinga una shabaha ya nyuma iliyowekwa juu ya mtutu wenyewe, na sehemu ya juu ya bastola imechongwa pengo dogo kuipisha. Mtutu wa milimita 200 kwenye bastola isiyo na pengo hilo umeungwa baadaye.

Kuna mambo ambayo hayastahili senti ya ziada. Alama za SS (kikosi cha chama cha Nazi) zilizogongwa kwenye P08 karibu zote ni za baada ya vita. Jina "Mjane Mweusi" kwa byf zenye vibao vyeusi lilibuniwa na wauzaji wa Marekani. Jeshi la Ujerumani halikulijua. Na herufi K.S., za Schutztruppe, jeshi la makoloni likiwemo la Afrika Mashariki ya Kijerumani, zinajulikana zaidi kwenye bunduki za Mauser. Zikiwa kwenye bastola, dai ushahidi mara mbili.

Kwa msomaji aliye Tanzania au Kenya: umri hauifanyi bastola kuwa pambo. Bila kibali ni silaha haramu, hata kama ni ya babu na haijafyatuliwa tangu 1918. Ikipatikana kwenye sanduku la urithi, isiguswe wala kubebwa. Polisi waitwe waje kuichukua.

Mwisho, karatasi. Wanajeshi wa Marekani waliorudi na silaha za kutekwa mwaka 1945 walipewa cheti na kamanda wao. Cheti chenye namba kamili ya bastola huongeza bei waziwazi. Kilichoandikwa "bastola moja ya Kijerumani" bila namba kinaweza kuambatanishwa na Luger yoyote, kwa hiyo kilipie kama karatasi.