Barua kwa mwanangu anayeuliza Hamburg kukoje

Mwanangu mpenzi, marahaba. Umeniuliza kwenye meseji, "mama, huko Hamburg kukoje, na kwa nini nisiende tu Berlin kama wenzangu?" Nakuandikia kwa kirefu maana voisi noti haitoshi.

Kwanza ujue huu ni mji wa bandari, ukishalishika hilo mengine yote yatakuja yenyewe. Ni wa pili kwa ukubwa Ujerumani, watu karibu milioni 1.9, na bahari iko mbali, kama kilomita 100 hivi, meli zinapanda mto Elbe mpaka mjini kabisa. Ukifika panda feri namba 62 pale gatini Landungsbrücken, tiketi yako ya treni za mjini inatosha, kaa juu nje hata kama baridi inakung'ata, uone meli za makontena zinavyopita karibu mpaka shingo inauma kuzitazama.

Halafu Speicherstadt. Ni maghala ya matofali mekundu yaliyosimama juu ya nguzo za mbao kando ya mifereji, ujenzi ulianza 1883 na watu kama 20,000 walihamishwa kuupisha, hilo watalii wengi hawalijui. Humo walikuwa wanaweka kahawa, chai, viungo. Na wafanyabiashara wa hapa walishafika Zanzibar kabla ya ukoloni, mkataba wa miji yao na Sultani ni wa 1859. Ndio hivyo Salme, binti wa Sultani Sayyid Said wa Zanzibar, akampenda jirani yake Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, wakaoana Aden 1867 wakaja kuishi Hamburg, na 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, akabaki ugenini na watoto watatu wadogo, jamani! Kaburi la Salme liko Ohlsdorf, makaburi makubwa mpaka mabasi ya abiria yanapita ndani. Nitakupeleka, kwangu mimi mtoto wa pwani akifika Hamburg lazima apite pale.

Watu wenyewe hawana salamu ndefu, usidhani wanakuchukia, wakikuzoea wamekuzoea. Jumapili maduka yanafungwa kwa hiyo nunua chakula Jumamosi. Lakini Jumapili hiyo hiyo alfajiri kuna Fischmarkt, soko lililopo tangu 1703, hapo ndio utashangaa, wachuuzi wanapiga kelele kama wa Feri pale Magogoni, mmoja anajaza matunda kwenye kikapu, anaongeza moja, anapandisha sauti, anaongeza tena mpaka mtu atoe hela. Vijana waliotoka klabu za Reeperbahn, eneo la St. Pauli, hawajalala wanakula mkate wa samaki bega kwa bega na wazee walioamka sasa hivi. Eneo hilo hilo la St. Pauli ndiko bendi ya Beatles walipiga muziki kuanzia 1960 hawajajulikana bado.

Na usipite kanisa la St. Nikolai bila kusimama. Julai 1943 mabomu yaliteketeza mitaa mizima, watu zaidi ya 30,000 walikufa, kanisa hilo wameliacha gofu makusudi, umebaki mnara na vipande vya kuta tu.

Berlin utaitembelea likizo, ila kuishi njoo Hamburg. Lete koti la mvua lenye kofia, mwavuli upepo wa huku unaupindua. Niambie masomo yanaanza lini, vyumba vya wanafunzi vinagombaniwa na kodi iko juu, nataka nianze kukutafutia mwezi huu huu.

Mama yako