Ukitaka kuwatafiti bakteria wa tumbo, usianze kwa kuchagua mdudu

Vijana wengi wanaonifuata kuuliza namna ya kuingia kwenye utafiti wa bakteria wanaoleta maradhi ya tumbo huja wakiwa wameshachagua mdudu. Huyu anataka kipindupindu, yule homa ya matumbo, mwingine amesoma kuhusu usugu wa dawa na hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Mimi huwauliza swali moja: huyo bakteria wako akiwa ndani ya utumbo anaishije? Wengi hunieleza anavyoota kwenye sahani ya maabara, na hilo silo nililouliza.

Kwenye sahani bakteria anadekezwa. Chakula tele, joto la nyuzi 37, hewa ya kutosha, jirani hana. Ndani ya mwili anapita kwanza kwenye asidi ya tumbo, kisha nyongo, kisha anafika mahali penye oksijeni kiduchu palipojaa bakteria wengine waliomtangulia. Ukisahau tofauti hiyo utafanya kazi miaka na miaka juu ya kiumbe ambaye hamuumizi mtu.

Chukua Shigella, anayesababisha kuhara damu. Jeni anazotumia kupenya kwenye seli za utumbo ziko kwenye plasmidi moja kubwa, yaani kipande cha DNA kilicho kando ya kromosomu yake. Kwenye sahani plasmidi hiyo ni mzigo tu, kwa hiyo anayeipoteza huota haraka kuliko wenzake. Ukimhamisha kila mara kutoka sahani hadi sahani, utabaki na Shigella wa jina. Ndiyo maana tunamwotesha kwenye agari (chakula kilichogandishwa cha kuoteshea bakteria) yenye rangi ya Congo Red: walio na plasmidi huwa wekundu, walioipoteza huwa weupe. Mtafiti mgeni mkono wake hukimbilia koloni, yaani fungu la bakteria linaloonekana kwa macho, lililo kubwa, nene, lenye afya. Chukua lile dogo jekundu.

Na siku ileile unapompokea, kabla ya jaribio lolote, mhifadhi kwenye gliseroli, kimiminiko kinachomkinga na madhara ya kuganda, katika friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kila jaribio lianzie kwenye kichupa hicho, si kwenye sahani iliyokaa kwenye friji tangu wiki iliyopita. Najua inachosha. Fanya hivyo hivyo.

Historia ya fani yetu imejaa watu waliofika mbali kwa sababu waliuliza mahali, si mdudu tu. Robert Koch alimtambua bakteria wa kipindupindu katika miaka ya 1880, lakini mwanzoni hakuweza kuwaambukiza wanyama ugonjwa huo. Sambhu Nath De, mtafiti wa India aliyefanya kazi Kolkata, alifunga kipande cha utumbo mwembamba wa sungura na kuwaweka bakteria humo humo ndani. Kipande kikajaa maji. Mwaka 1959 akaonyesha kwamba hata umajimaji uliochujwa bakteria wote hufanya vivyo hivyo, maana yake kuna sumu. Hakupewa Nobel, na mimi bado naona hilo si haki. Barry Marshall na Robin Warren walioipata mwaka 2005 walisaidiwa na sikukuu: sahani zilizokuwa zikitupwa baada ya siku 2 ziliachwa muda mrefu zaidi wakati wa Pasaka ya 1982, na Helicobacter pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo anayeota polepole, akajitokeza.

Kuhusu usalama sitasema mengi. Kipindupindu kwa kawaida huhitaji bakteria mamilioni ili kumwangusha mtu mzima mwenye asidi ya kawaida tumboni. Shigella 10 hadi 100 wanatosha. Kwa hiyo simu ibaki nje ya maabara, na kalamu isikaribie mdomo.

Uchaguzi wa maabara ndio unaoamua mengi kuliko mada yenyewe. Usimuulize msimamizi kama anasaidia wanafunzi, atakuambia ndiyo. Waulize wanafunzi wake, tena wale waliokwisha kuondoka. Omba uonyeshwe friza na orodha ya vilivyomo. Maabara isiyojua kichupa kipi kilitoka kwa mgonjwa yupi na lini, matokeo yake nayo yana walakini. Uliza pia nani anachambua data za jenomu, yaani DNA yote ya bakteria. Kama jibu ni mtu mmoja ambaye kila mtu anamsubiri, jifunze mwenyewe mapema kuandika programu za kompyuta. R au Python, yoyote, bora uanze.

Ukishaingia, beba maswali mawili kwa pamoja: moja ambalo hata likijibiwa "hapana" linaandikika, na jingine la kubahatisha. Kwa mfano, kulinganisha sampuli za wagonjwa zilizokwisha kuhifadhiwa ni la kwanza. Kutafuta jeni mpya inayomsaidia bakteria kustahimili nyongo ni la pili, na linaweza kula mwaka mzima bila kutoa kitu. La kwanza lipangie siku zake kwenye ratiba, la sivyo la pili litazimeza zote.